Somo: Kufungua duka lililofungwa kwa kazi za sanaa, hapa Malindi

Salaam wanachama. Wengi mmeniuliza habari ya maduka yaliyofungwa kuanzia barabara ya Lamu mpaka mji wa kale: je, kikundi cha wasanii kinaweza kupewa moja kikalitumia bila kulipa kodi? Kinaweza. Lakini niseme mapema, robo ya kazi hii ndiyo sanaa, robo tatu ni mwenye duka. Akiridhika yeye, mengine yote yana dawa.

Tuelewane kwanza kwa nini duka linakaa tupu. Si kwamba mwenyewe hataki pesa. Maduka mengi ya barabara ya Lamu yalimtegemea mgeni, hasa Mtaliano: vinyago, vito, aiskrimu, nguo za pwani. Mgeni akapungua baada ya mashambulizi ya Nairobi mwaka 2013 na Mpeketoni 2014, kisha ikaja korona 2020. Mpangaji akafunga akaenda. Mwenye jengo naye hashushi kodi, kwa sababu akimshushia mmoja, waliobaki kwenye jengo lile lile watadai washushiwe pia. Anasubiri mtu wa kumlipa gudiwili ya zamani, yaani ile pesa ya mkupuo ya kuingilia duka. Anasubiri, na vumbi linajaa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Uingereza, maduka ya Woolworths yalipomaliza kufungwa Januari 2009, zaidi ya 800 kwa jumla, mitaa mizima iliingia giza, na serikali ikatoa pauni milioni 3 mwaka ule ule ili wasanii na vikundi vya mtaa waingie kwenye maduka matupu. Sisi hatuna mfuko kama huo, kwa hiyo mfano ninaoupenda zaidi ni wa mji wa Newcastle, Australia. Mwaka 2008 Marcus Westbury alianzisha shirika la Renew Newcastle katikati ya mji uliokuwa na majengo matupu yapata 150. Hakununua hata moja. Aliwaomba wenyewe wawaache wasanii watumie nafasi kwa ruhusa inayoweza kukatishwa kwa notisi ya siku 30. Notisi hiyo ndiyo iliyofungua milango.

Hatua ya 1: Zunguka na uandike

Toka baada ya alasiri, jua likipoa, na daftari. Andika kila duka lililofungwa: lina kioo au mlango wa mabati peke yake? Lina baraza au kivuli mbele? Majirani wa kushoto na kulia wako wazi? Duka lililo katikati ya mawili yaliyofungwa liache, hata likiwa zuri namna gani, hapiti mtu. Ghorofani pia usiende.

Mwenyewe utampataje? Usianze na dalali. Muulize mlinzi wa usiku au mwenye kibanda cha kahawa cha karibu. Wao wanajua ufunguo uko kwa nani, nani anaishi Mombasa, nani yuko Italia na amemwachia nani jengo.

Hatua ya 2: Mwenye duka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama.

Kenya kuna sheria ya kuwalinda wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Kwa ufupi, ukimkodisha mtu duka bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, mtu huyo analindwa. Huwezi kumwambia "toka kesho". Lazima umpe notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na yeye anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ni sheria nzuri kwa mpangaji. Lakini ndiyo inayomfanya mwenye duka aone afadhali kufuli kuliko wewe. Anachokiona kichwani si picha zako ukutani. Anajiona yuko kwenye viti vya baraza miaka miwili akibembeleza arudishiwe duka lake.

Basi usiende kumwambia sanaa itapendezesha mji. Atakuitikia, atakuagizia chai, na hatakupa ufunguo. Mwambie jinsi duka lake litakavyorudi mikononi mwake. Huombi kukodi, unaomba ruhusa ya kutumia. Hulipi kodi ya mwezi, hata ya kinafiki ya shilingi mia, kwa maana pesa ya kila mwezi ndiyo inayoanza kukufananisha na mpangaji. Ufunguo wa pili unabaki kwake, na anaweza kuingia wakati wowote kumwonyesha duka mpangaji halisi. Akikupa notisi ya siku 30, unatoka.

Kisha mwambie anachopata: duka litafagiliwa, litapigwa rangi, popo na panya watahama, na mteja anayetafuta nafasi ataiona ikiwa wazi na yenye taa badala ya kuchungulia tundu la kufuli. Pasaka ikishapita, wageni wakipungua na masika yakiingia, ndiyo saa ya kubisha hodi. Mwezi Novemba usimsumbue, anaota Krismasi.

Tena nenda na mtu mzima anayemfahamu. Kijana mwenye rasta na brashi akienda peke yake anaonekana kama amekuja kuomba pa kulala. Sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo.

Hatua ya 3: Karatasi

Kurasa mbili zinatosha. Ziandikwe "ruhusa ya kutumia", zisiandikwe "upangaji". Mumo humo ziwemo: majina ya pande mbili, tarehe ya kuanza, siku 30 za notisi, ufunguo wa pili, nani analipa tokeni za stima na maji, kazi zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, na picha za duka lilivyokuwa siku mnaingia. Mpeni wakili azisome kabla ya saini. Ada yake ni ndogo kuliko ugomvi.

Upande wa kikundi asaini nani? Kikundi chenyewe, kikiwa kimeandikishwa kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Mtu mmoja akisaini kwa jina lake, siku akigombana na wenzake duka linaondoka naye.

Na mita: kabla ya saini, nunua tokeni za pesa kidogo uone zinaingia. Mita nyingine zina deni la mpangaji wa zamani, na kila ukinunua, pesa inamezwa na deni.

Hatua ya 4: Kaunti na majirani

Mkiuza chochote, ulizeni kaunti ya Kilifi kuhusu leseni ya biashara, na ada ya kibao mkitundika kibao. Jengo likiwa la zamani, msiguse mlango wala nakshi kabla ya kuwauliza watu wa Makumbusho, pale Nyumba ya Nguzo. Majirani wapelekeeni habari kwa miguu, si kwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 5: Kuta na kioo

Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua. Ukizipiga rangi ya mafuta, unyevu unakwama ndani, chumvi inasukuma, na baada ya muda rangi inavimba na kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Kwangueni yaliyolegea, acheni milango wazi kuta zikauke, kisha pigeni chokaa. Michoro fanyeni kwenye plaiwudi na kuitundika. Siku ya kutoka mnabeba plaiwudi zenu, ukuta wa watu unabaki ukuta.

Kioo ndicho utajiri wa duka. Hata kabla ndani hakujawa tayari, kioo kinaweza kuanza kazi. Chukua rangi ya unga ya watoto wa shule, changanya na maji kidogo iwe nzito kama uji wa mtama, tia matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inaishikisha kwenye kioo, na siku ya kufuta inatoka kwa kitambaa cha maji. Chora kwa ndani ili mvua isiioshe. Maandishi ndiyo mtihani, maana kwa ndani lazima yaandikwe kinyume. Yaandike kwanza kwa kalamu nzito kwenye karatasi nyepesi, ibandike kwa nje maandishi yakitazama barabarani, kisha ingia ndani uyafuate jinsi yanavyoonekana kupitia karatasi.

Cha kuchora? Malindi haina njaa ya hadithi. Twiga aliyepelekwa China kutoka hapa mwaka 1415. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni Waingereza, ambaye sanamu yake iko Uhuru Gardens hapa hapa Malindi na watoto wanaipita bila kuuliza. Nguzo ya Vasco da Gama imechorwa mpaka imechoka, ipumzisheni.

Hatua ya 6: Ndani kuwe na kazi, si bidhaa tu

Msifungue duka jingine la vinyago. Wachongaji wapo na wana chama chao cha ushirika, na jirani yako anauza vinyago hivyo hivyo huku analipa kodi. Ukiuza anachouza yeye, bila kodi, umemdhulumu, na atakwenda kushtaki kaunti. Atakuwa na haki.

Kinachovuta watu ni mikono inayofanya kazi. Mama anayesuka ukili mbele ya kioo. Fundi wa kofia za kudarizi akihesabu matundu. Mtu wa kayamba anayewaonyesha vijana namna ya kupanga mabua na kutia mbegu. Mpita njia anasimama, anauliza, anakaa, akitoka anaingia duka la jirani kununua soda. Hiyo soda ndiyo hoja yako kwa majirani wote. Pangeni zamu, na saa zilizoandikwa mlangoni ziheshimiwe. Duka la sanaa lililofungwa saa kumi na kibao kinasema liko wazi ni baya kuliko duka tupu.

Hatua ya 7: Kutoka

Mtatoka, hilo msilisahau. Daftari la mlangoni liandike kila siku wangapi waliingia, na kama walinunua kitu mtaani. Pigeni picha za mwisho, rudisheni funguo kwa saini, na mwombeni mwenye duka barua fupi ya kusema mlirudisha salama. Barua hiyo ndiyo itakayowafungulia duka la pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Maweni: Mwalimu, duka tulilopata ni la urithi. Ndugu mmoja amekubali, wengine wako Mombasa na Oman. Tuingie?

Jibu: Msiingie. Aliyekubali ana fungu lake tu, hana duka zima. Kama kuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama au kadhi, saini yake ndiyo mnayoitaka. Kama hakuna, warithi wote wasaini, hata kwa kutumiana karatasi. Na kama ni mali ya wakfu, si la ndugu tena, nendeni kwa msimamizi wa wakfu.

Mwanachama, Ganda: Sisi Wagiriama tunataka duka letu lionyeshe utamaduni. Babu anavyo vigango viwili. Tuviweke dirishani?

Jibu: La, ndugu yangu. Kigango ni ukumbusho wa marehemu, kimesimamishwa kikae pale pale. Vingi vimeibwa vikauzwa mpaka makumbusho ya Marekani, na kuna vilivyorudishwa mwaka 2007 baada ya kutafutwa miaka mingi. Ukikiweka dirishani unamwonyesha mwizi njia ya kwenda kwa babu. Wekeni ngoma, hando (ile sketi ya wanawake wa Kigiriama), picha za wazee wakieleza. Habari ya vigango iandikeni ukutani bila vigango vyenyewe.

Mwanachama, Mtangani: Dada, binti yangu anapaka hina vizuri sana. Akikaa humo, pesa inakwenda wapi?

Jibu: Ni yake, toa fungu dogo la tokeni na sabuni. Sisi huacha asilimia 10 kwa kikundi, inaingia kwenye till ya kikundi (namba ya kulipia kwa simu) na kuandikwa kitabuni mbele yake. Mkianza kusema "tutagawana baadaye", jueni tayari mmegombana.

Mwanachama, Barani: Siku 30 ni chache. Tukipiga rangi leo na kesho tukatolewa je?

Jibu: Msitie duka gharama msizoweza kuziacha nyuma. Chokaa, ufagio, balbu, basi. Kila cha thamani kiwe cha kubebeka: plaiwudi, meza, taa. Mkitaka kubadili sakafu au kuweka dari, hiyo si kazi ya kikundi cha muda, mwenye duka afanye mwenyewe.

Mwanachama, Ngala: Naona kama tunatumiwa. Tunasafisha duka la tajiri, linapata mpangaji wa kulipa vizuri, sisi nje. Kuna faida gani?

Jibu: Swali la haki, na mara nyingine ndivyo inavyokuwa. Ndiyo maana ongezeni mstari mmoja kwenye karatasi: kabla ya kumpa mtu mwingine, mwenye duka awaulize ninyi kwanza kama mnaweza kukodi kwa bei hiyo. Hamtaweza kila mara. Lakini fundi aliyekaa miezi minne akijenga wateja wake, pengine yeye na wenzake wawili wataweza, na hapo mtaandikiana mkataba wa kodi wenye ulinzi wa ile Sura ya 301. Mwenye duka akiukataa mstari huo, mpimeni. Mimi ningetafuta duka jingine, yako mengi.