Hospitali ya mtaa ikitajwa kufungwa, anzeni na barua

Kabla ya kukusanya saini hata moja, jueni ni nani aliyeamua. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, zahanati, vituo vya afya na hospitali za Nairobi kama Mbagathi, Pumwani na Mama Lucy ziko mikononi mwa kaunti. Kenyatta, kwa kuwa ni ya rufaa ya kitaifa, ni ya serikali kuu. Barua ikienda kwa asiyehusika, wiki zinapotea, na wagonjwa ndio wanaoumia.

Sasa ombeni habari kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ukiandika "tupeni habari zote" utajibiwa maneno matupu. Taja hospitali na wodi, kisha omba nakala ya uamuzi wenyewe, ripoti iliyoutangulia, kumbukumbu za kikao cha kuwasikiliza wananchi, na mpango wa kuhamisha wagonjwa: wa kifua kikuu, wanaotumia ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU), wajawazito. Peleka nakala mbili City Hall, makao ya serikali ya Kaunti ya Nairobi. Moja igongwe muhuri wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo huna namna ya kuthibitisha kwamba siku 21 za kujibu zimekwisha. Habari inayogusa uhai wa mtu yapaswa kutolewa ndani ya saa 48, kwa hiyo kama kuna wodi inayohamishwa wiki hiyo, liseme hilo katika mstari wa kwanza. Wakikunyima, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman.

Ombi kwa Bunge la Kaunti hupelekwa kwa karani wa bunge. Kichwa cha ombi kirudiwe juu ya kila karatasi ya saini, la sivyo mtaambiwa watu hawakujua walichotia saini. Kila jina liende na nambari ya kitambulisho; asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Elezeni mlikokwenda kabla na mlichojibiwa. Mwakilishi wadi wenu apewe nakala mapema, asisikie habari bungeni.

Msingoje tangazo. Hospitali nyingi hufungwa kimyakimya kwenye bajeti: dawa zinapungua, wauguzi wanahamishwa, wodi inafungwa kufuli "kwa ukarabati". Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kati ya hapo ndipo fungu la hospitali linaweza kurudishwa.

Mahakama Kuu ya Milimani mwende milango ikikaribia kufungwa, mkiomba amri ya muda ya kusimamisha. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kushtaki kwa niaba ya wengine. Barua zenu zenye muhuri ziwe kwenye faili siku hiyo.