Shimo la parachichi usilipandie bogenvilia

Jamani masika yanakaribia na vitalu vya barabarani vishaanza kujaa watu, kwa hiyo leo siongelei rangi za maua wala mbolea, naongelea shimo. Shimo tu. Mimi ni afisa ugani, na kila mwaka ikifika Juni simu zinaanza, afisa, maua yangu yanakauka, afisa, maua yamegoma, na nikifika nikifukua kidogo pale kwenye shina nakuta kilekile cha mwaka jana: mche umezikwa.

Niliitwa Goba, hapa Dar, kwa mama mmoja alikuwa amepanda bogenvilia 6 kando ya ukuta, miche mikubwa, ameinunua ikiwa imechanua tayari, elfu 15 mmoja. Minne ilikuwa imeshakufa. Akaniambia mwanangu maji namwagilia asubuhi na jioni, samadi niliweka ya kutosha, sijui wamenifanyia nini kule kitaluni. Nikapiga magoti kwenye mmoja uliobaki na majani ya njano, nikatoa udongo kwa mkono, kidole kimezama chote ndo nikaugusa udongo wa kwenye kiriba, yani ule uliotoka nao kwenye mfuko wa plastiki wa kitaluni. Ganda la shina lilikuwa jeusi na laini kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi, nimelikwaruza kwa ukucha likatoka lenyewe, ndani kahawia, linanuka. Kitalu hakikumfanyia kitu yule mama. Shimo ndo limemfanyia.

Alichimba futi 2 upana, futi 2 kwenda chini, akajaza samadi chini, akasimamisha mche juu yake akashindilia. Na hapa niseme ukweli, hilo shimo tumewafundisha sisi wenyewe maafisa ugani, ni shimo la parachichi, la embe, la kahawa, sentimita 60 kwa 60. Ila kule tunasema lijaze mapema kisha uliache wiki kadhaa lishuke ndo upande. Kwenye maua mtu anachimba Jumamosi asubuhi anapanda Jumamosi mchana, sasa ile samadi inavyooza inapungua, udongo uliotifuliwa unashuka, mche unashuka nao, halafu mvua inasukuma udongo wa pembeni unakuja kufunika shingo. Shingo ya mche, yani pale shina linapokutana na mizizi, ganda lake linahitaji hewa. Likikaa kwenye unyevu wiki na wiki ukungu unaingia, linaoza kuzunguka, na chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena kwenye mizizi. Majani yanageuka njano, mwenye nyumba anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo ndo anamaliza kazi.

Sasa sikilizeni vipimo, na nawaomba msikadirie kwa macho. Chukua rula upime kimo cha udongo ndani ya kiriba, sio kimo cha plastiki. Ukikuta sentimita 25, shimo lako linakwenda chini sentimita 22 tu, na chini usitifue kabisa, pabaki pagumu vilevile ili mche usipate pa kushukia. Upana ndo uwe mkubwa, mara 2 au 3 ya kiriba, kwa sababu mizizi mingi inatambaa pembeni. Kabla hujafukia laza mpini wa jembe juu ya shimo, utoke ukingo huu mpaka ule, uso wa udongo wa kiriba uwe juu ya mpini kwa sentimita 2 au 3. Ukiwa chini ya mpini toa mche, rudishia udongo, shindilia kwa mguu, pima tena. Mtu ananiambia afisa sentimita 3 ni kitu gani. Sentimita 3 ndo tofauti ya ua hai na elfu 15 iliyooza!

Fukia kwa udongo uleule uliochimba. Samadi au mboji iliyoiva tandaza juu, karai 1 inatosha, halafu matandazo unene wa sentimita 5 mpaka 7, na yote hayo yakae mbali na shina kiganja kimoja. Nimeona watu wanarundika nyasi mpaka zinakumbatia shina, huko nako ni kuzika.

Kiriba kinachanwa kwa wembe, hakivutwi. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, ikate sehemu 3 au 4 kwa pembeni kabla ya kupanda, hibiskasi, iksora na alamanda zinavumilia. Bogenvilia haivumilii, mizizi yake inakatika ovyo na udongo ukimwagika mche unaduwaa miezi. Hiyo kata kitako cha kiriba tu, ishushe shimoni, ndo uchane ubavu na uchomoe plastiki taratibu huku umeshaizungushia udongo.

Mwaridi wa kubebeshwa una fundo pale ulipounganishwa, kwenye joto letu hilo fundo liwe juu ya udongo, siku zote. Ila waridi mimi nawashauri zaidi watu wa Lushoto, Arusha na kwingine kwenye baridi, Dar utahangaika nalo, bora asmini ambayo na kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, utapata. Kanna ni habari nyingine, lile shina lake nene la ardhini linafukiwa sentimita 5 mpaka 10. Oleanda mwenye watoto wadogo au mbuzi aiache, ni sumu mmea mzima. Na iksora ikiwa na majani ya njano lakini mishipa imebaki kijani usikimbilie kufukua, hapo mara nyingi udongo una chokaa, ama ni wa matumbawe kama huku pwani au mafundi walimwaga mabaki ya saruji.

Muda: panda mvua zikishalowesha ardhi vizuri, wiki ya pili hivi, sio katikati ya Aprili udongo ukiwa tope, maana tope ukilishindilia linakuwa tofali. Siku ya kupanda maji lita 10 polepole, baadae ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, pakavu mwagilia, pana unyevu acha. Asubuhi na jioni kila siku hapana. Majani mapya yakitoka ndani ya wiki 3 au 4 umepatia.

Kwa walioshazika: nenda leo, usisubiri. Ondoa udongo mpaka uione mizizi ya kwanza mikubwa inapotokea. Mche wa miezi michache mzungushie jembe mbali kidogo, unyanyue na bonge lake la udongo, jaza chini, shindilia, pima kwa mpini. Ganda likiwa limeoza upande mmoja tu, acha shingo wazi ipate hewa na simamisha maji mpaka pakauke. Limeoza kuzunguka shina lote, huo hauponi, ila kabla matawi hayajanyauka kata vipande vya unene wa penseli, sentimita 15 mpaka 20, vichomeke kwenye mchanga kivulini. Yule mama wa Goba alikata 10, vilivyoshika ni 7, na safari hii shimo tulipima wote wawili.