Jinsi ya kufuatilia historia ya benki kubwa ya kimataifa, tuchukue HSBC kama mfano

Watu wengi wakitaka kujua benki flani imekuaje kubwa hivi wanakimbilia ile historia iliyoandikwa na benki yenyewe, sawa anzia hapo ila usiishie hapo, mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwanza uliza ilianzishwa kwa biashara gani. HSBC ni Hongkong and Shanghai Banking Corporation, yaani jina lenyewe limeshakupa jibu. Mwaka 1865 Thomas Sutherland, Mskoti wa kampuni ya meli ya P&O, aliona wafanyabiashara wa Hong Kong wanahitaji benki ya palepale ya kugharamia biashara ya China na Ulaya, wakafungua Hong Kong mwezi Machi na Shanghai mwezi uliofuata.

Afu chukua karatasi uandike kila benki iliyonunuliwa, mwaka wake na asilimia ya hisa, hapa ndo penye utamu wote maana benki hizi hazikui kwa kufungua matawi tu, zinanunua wenzao. 1959 wakachukua Mercantile Bank na British Bank of the Middle East. 1965 Hang Seng Bank ya Hong Kong ilivamiwa na wateja wanaotoa hela zao, HSBC wakaingia wakachukua hisa nyingi. 1980 wakanunua asilimia 51 ya Marine Midland ya Marekani, zilizobaki wakamalizia 1987. 1992 wakaibeba Midland ya Uingereza, ambayo miaka ya nyuma iliwahi kuwa benki kubwa kuliko zote duniani!! Mwaka uliofuata makao makuu yakahamia London, miaka minne tu kabla Hong Kong, iliyokuwa koloni la Uingereza, haijarudi China, hapo unganisha mwenyewe.

Andika na zilizoshindikana. Waliitaka Royal Bank of Scotland 1981, mamlaka za Uingereza zikakataa. Bila hilo huwezi kuelewa kwa nini walihangaika sana na Midland baadae.

Usiruke aibu pia, na kwa maoni yangu kipande hiki ndo kinakufundisha zaidi. 2003 walinunua Household ya Marekani, kampuni ya kukopesha watu wenye rekodi mbaya za mikopo, ikawaletea hasara kubwa mikopo ya nyumba ilipoharibika, 2009 wakaacha kutoa mikopo mipya huko. 2012 wakakubali kulipa Marekani dola bilioni 1.9 hivi, kisa hela za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico zilipitishwa kwao.

Mwisho angalia walichouza. Biashara yao ya Brazil ilienda kwa benki ya Bradesco 2016, ya Kanada kwa RBC (Royal Bank of Canada) 2024. Ukimaliza fungua ripoti yao ya mwaka, nenda moja kwa moja kwenye faida kwa kila eneo, utakuta Asia ndo inawalisha, Hong Kong ikiwa mbele, palepale walipoanzia.