Jinsi ya kufuatilia joto la oili kwenye pikapu ya dizeli, mshale wa maji peke yake hautoshi

Wakuu, kama una pikapu ya dizeli inayopiga mzigo, iwe Hilux, D-Max, Ranger, L200 au Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, naomba msome hii taratibu maana injini zinakufa kizembe sana. Mshale wa maji kwenye dashibodi, hasa gari za miaka ya karibuni, umetengenezwa ukae katikati hata maji yakipanda na kushuka nyuzi nyingi tu, kwa hiyo siku ukiuona unasogea ujue tatizo lilishaanza kitambo. Na paipu ikipasuka maji yakaisha ndo balaa zaidi, sensa inabaki kwenye mvuke na hewa, mshale unaweza hata kushuka huku injini inaungua.

Oili ndo inayopita kwenye beringi za krankshafti, kwenye injini nyingi za tabo inarushwa mpaka chini ya pistoni kuzipoza, na beringi za tabo yenyewe zinaitegemea hiyo hiyo. Maji yanapanda haraka na kushuka haraka, oili inachelewa kupanda ila ikishapanda inachelewa sana kushuka. Kwa hiyo unatakiwa ujue namba mbili, joto la maji na joto la oili, halafu ujue na tofauti yao. Hiyo tofauti ndo itakayokwambia ugonjwa uko wapi.

Kwa oili ya kawaida ya 15W-40 (hiyo namba ni uzito wa oili, imeandikwa kwenye kopo), gari ikiwa kwenye mwendo wake, nyuzi 90 mpaka 110 ni salama kabisa. Ukipandisha mlima na mzigo ikafika 115 au 120 kwa muda usipaniki. Ikigonga 130 punguza, usibishane nayo, maana oili inapozidi kupata moto inakuwa nyepesi na presha inashuka, na kuanzia 100 hivi kwenda juu kila nyuzi 10 zinazoongezeka oili inazeeka karibu mara mbili ya kasi. Ikikaa chini ya 80 muda wote nayo sio sifa nzuri, nitaeleza chini huko.

Sasa namba unazipataje. Kama gari yako ina kompyuta, nunua kile kiskana kidogo cha bluetooth kinaitwa ELM327, chomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, weka app kama Torque kwenye simu. Joto la maji utalipata karibu gari zote, la oili ni bahati, kuna gari zina sensa yake na kuna ambazo hazina kabisa, ukiona app inaandika mstari au sifuri usiikomalie. 1HZ ndo usahau kabisa habari ya skana, ile pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika.

Hapo unafunga geji ya pembeni. Kuna njia mbili za kuweka sensa. Ya kwanza ni bolti ya kumwagia oili kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), kuna bolti zinauzwa zimetobolewa tayari za kufungia sensa, ila nenda dukani na bolti yako ya zamani mkononi mlinganishe uzi, usikubali "hii inaingia tu mkuu". Ubaya wake sensa inaning'inia chini, njia mbovu jiwe moja linaweza kuing'oa na oili yote ikamwagika. Mi naipenda ya pili, sahani inayokaa kati ya filta ya oili na bloku, ina matundu ya sensa pembeni, unaweza kuweka ya joto na ya presha hapo hapo. Kabla hujaifunga pitisha kidole kwenye bloku uhakikishe mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda pale, ukibaki ukafunga mwingine juu yake oili itatoka kama bomba. Mpira mpya upake oili kidogo, kaza, washa gari, chungulia na tochi.

Kitu mafundi wengi wanakosea ni mkanda mweupe wa mabomba. Sensa ya waya mmoja inapata arthi (hasi ya betri) kupitia uzi wake kwenye chuma, ukiizungushia mkanda mwingi umeikatia umeme, na hizi sensa za kawaida umeme ukipita kwa shida geji inasoma baridi. Yaani unaendesha unaona 70 umetulia kumbe iko 120. Na kabla ya kuifunga ijaribu jikoni, chemsha maji kwenye sufuria, unganisha sensa na geji na betri, zamisha ncha tu huku mwili wa sensa umeupa waya wa hasi ya betri. Dar inatakiwa isome kama 100, ukiwa Iringa au Nairobi maji yanachemka kwenye 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko kwa hiyo usiitupe ukidhani mbovu. Waya pitisha mbali na ekzosi, na weka fyuzi.

Kama hela ya geji haipo bado, kuna kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, cha mwanga mwekundu. Ukisimama tu elekeza kwenye sampu sehemu yenye rangi nyeusi, sio chuma kinachong'aa maana kitakudanganya, na ujue nje ya sampu inasoma chini kidogo ya oili yenyewe. Sio sawa na geji ila ni bora kuliko kubahatisha.

Ukishafunga, kabla ya kuanza kuogopa namba, ijue gari yako ikiwa nzima. Tafuta barabara tambarare, mfano Chalinze kwenda Morogoro, nenda 80 kwa saa bila kukanyaga kanyaga, angalau nusu saa maana maji yanapata moto mapema ila oili inataka muda. Andika kwenye simu: joto la maji, joto la oili, AC imewashwa au la, mzigo kiasi gani, jua kali au asubuhi. Rudia ukiwa umebeba. Usichukue namba za gari ya mwenzio, sensa iliyo kwenye sampu na iliyo kwenye filta hazisomi sawa hata kwenye gari moja, linganisha gari yako na yenyewe tu.

Mfano mzuri wa hii habari ya tofauti uko Marekani, kwenye pikapu za Ford Super Duty zenye injini ya 6.0 Power Stroke, za 2003 mpaka 2007. Ile injini kipoza oili chake kimejificha katikati ya V ya silinda chini ya manifoldi na maji ya kulanti ndo yanakipoza, vijia vyake ni vyembamba vinaziba na uchafu wa kulanti. Wenye hizo gari wana sheria moja, injini ikishapata moto vizuri barabara tambarare, oili isizidi maji kwa zaidi ya nyuzi 15 za Fahrenheit, yaani kama 8 za kwetu. Ikizidi, kipoza kimeziba, na ukiendelea nacho maji hayafiki vizuri kwenye kipoza cha EGR (kinachopoza moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini), nacho kinapasuka, baada ya hapo ni gasketi za hedi. Mshale wa dashibodi muda wote huo uko katikati! Pikapu zetu sio injini hiyo na hiyo 8 msiibebe kama ilivyo, ila nyingi nazo kipoza oili kinapozwa na maji kwa hiyo kanuni ni ile ile: ukiona tofauti yako ya kawaida ilikuwa nyuzi 10 na sasa imekuwa 20 barabara hiyo hiyo mzigo huo huo, kuna kitu.

Kitu gani? Kama oili imepanda na maji yako pale pale, anza na stiki ya kupimia oili, oili pungufu inachemka haraka. Halafu ni oili gani imemwagwa, gari ya 15W-40 ukiiwekea nyepesi mno kwenye mzigo itakuadhibu. Hivyo viwili vikiwa sawa, kipoza oili. Ukiona mafuta mafuta kwenye kopo la rejeta, rangi kama maziwa, kipoza kinaweza kuwa kimetoboka na oili inaingia kwenye maji, simamisha gari hiyo usiende nayo popote.

Kama vyote viwili vimepanda pamoja, tatizo ni upande wa kupoza maji. Angalia kati ya kondensa ya AC na rejeta, pale panajaa mbegu za majani na matope na ukiwa mbele ya gari huoni kitu, mpaka uzitenganishe. Feni ya klachi: zima gari ikiwa ya moto, isukume kwa mkono, ikizunguka kirahisi yenyewe raundi kadhaa klachi imekufa. Mfuniko wa rejeta nao, ile presha ndo inazuia maji kuchemka mapema, mfuniko mbovu na uko juu milimani maji yanachemka kweli.

Na hapa naomba tusikilizane, ACHENI KUTOA THEMOSTATI, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakishapata moto. Fundi anakwambia "toa hiyo, nchi yetu ya joto", unatoa. Injini nyingi za Toyota za dizeli themostati ina kisahani cha chini ambacho ikifunguka kinaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita rejeta, kwa hiyo mjini gari iko baridi mno na mlimani inachemsha. Huko kwenye baridi ndo oili inakaa 70, maji na dizeli vinavyoingia kwenye oili havipati moto wa kukauka, unafungua mfuniko unakuta uji. Weka themostati mpya, na weka kulanti na maji ya betri yasiyo na chumvi (sio asidi). Maji ya kisima cha Dar kwenye rejeta ni kuziba kipoza kwa mikono yako.

Sasa uko Ruaha Mbuyuni, joto kali, umepakia vitunguu, unaanza kupanda mlima Kitonga. Usisubiri injini ilemewe ndo ushushe gia. Shusha mapema, acha izunguke raundi 2,200 mpaka 2,800 kwa dakika ukiwa umekanyaga kidogo, pampu ya maji na feni vinazunguka haraka na oili inasukumwa vizuri. Kung'ang'ania gia kubwa umekanyaga mpaka chini ndo kunakopandisha oili. Zima AC. Oili ikipita 125 washa hita feni mpaka mwisho fungua vioo, ndio utaungua wewe ila inasaidia kweli. Ikifika 130 tafuta pa kuegesha salama, usizime, iache ikiwa 1,200 dakika kadhaa mpaka oili ishuke, ukizima ghafla oili inakwama kwenye tabo ya moto na kuungulia humo. Isipokuwa kama maji yanamwagika au joto la maji linaruka juu kwa kasi au taa ya presha ya oili imewaka, hapo zima saa hiyo hiyo. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kushika paipu ya juu kwa mkono bila kuungua, na maji baridi usimwagie bloku.

Ukifika Ilula pima stiki gari ikishatulia, na andika namba ya juu kabisa uliyoiona mlimani pamoja na mzigo uliokuwa nao, safari ijayo utailinganisha na hiyo.