Kusawazisha mlinganyo wa kemia bila kubahatisha

Kabla ya kuhesabu chochote, kagua fomula zenyewe. Fomula ikikosewa, mlinganyo utakataa kusawazika hata ukikesha nao. Au, mbaya zaidi, utasawazika na jibu liwe la uongo. Kumbuka elementi saba ambazo atomu zake hutembea mbilimbili zikiwa peke yake: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂ na I₂. Anayeandika O mahali pa O₂ ameshapotea kabla ya kuanza.

Atomu hazizaliwi wala hazifi kwenye mmenyuko, hupangwa upya tu. Kwa hiyo idadi ya kila aina ya atomu kushoto kwa mshale lazima ilingane na ya kulia. Unachoruhusiwa kubadili ni namba kubwa inayokaa mbele ya fomula. Namba ndogo za chini haziguswi. Tazama H₂ + O₂ → H₂O: oksijeni ni mbili kushoto, moja kulia. Ukichomeka 2 ndogo upate H₂O₂, hesabu inakaa sawa, lakini hayo si maji tena, ni hidrojeni peroksaidi. Njia halali ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Sasa tuchome butani: C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Anza na elementi inayoonekana kwenye fomula moja tu kila upande. Oksijeni iache mwisho, kwa kuwa kushoto imesimama peke yake na unaweza kuirekebisha bila kuvuruga nyingine. Kaboni ni 4, basi weka 4CO₂. Hidrojeni ni 10, basi 5H₂O. Oksijeni za kulia sasa ni 8 + 5, yaani 13, na kushoto zinakuja mbilimbili. Usirudi mwanzo. Andika 13/2 mbele ya O₂, kisha zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Wengi huteleza hapo: huzidisha O₂ peke yake na kusahau zilizobaki.

Kundi la atomu linalovuka mshale likiwa zima lihesabu kama kitu kimoja. Kwenye Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄, makundi ya SO₄ ni matatu, kwa hiyo kulia ni 3CaSO₄. Kalsiamu tatu zinadai 3Ca(OH)₂, ambayo ina OH sita, nazo zinatosha 2Al(OH)₃. Alumini imejipanga yenyewe. Ila kundi likivunjika, kama katika 2Cu(NO₃)₂ → 2CuO + 4NO₂ + O₂, hesabu naitrojeni na oksijeni kila moja kivyake.

Hakiki kwa uzito. Kwa 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃, ukitumia uzito wa atomu moja moja, chuma (Fe) = 56 na oksijeni (O) = 16, kushoto ni 224 + 96 = 320, kulia ni 2 × 160 = 320. Kama namba zote za mbele zinagawanyika kwa namba moja, zipunguze.

Mwisho weka alama za hali: (s) yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi, (aq) kilichoyeyuka ndani ya maji. Chumvi iliyoyeyushwa kwa moto ni NaCl(l). Iliyokorogwa kwenye maji ni NaCl(aq). Ukipitisha umeme kwenye hizo mbili, hazitoi mazao yaleyale.