Kabla ya Kufungua Mkanda wa Taimingi wa Hiace Yako Nyumbani

Mwenye Hiace au Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8, anaweza kabisa kubadili mkanda wa taimingi uani kwake, ila asiguse bolti hata moja kabla ya kuandaa kila kitu. Katika injini hii mkanda huohuo mmoja huzungusha kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, na pampu ya dizeli, na ukikatika au ukiruka meno, pistoni hugonga valvu.

Anza kwa kujua umri wa mkanda uliomo. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka gari likitimiza kilomita 100,000, lakini taa hiyo huhesabu mwendo tu. Haijui raba imekauka kiasi gani, na huenda mwenye gari wa kwanza aliizima bila kubadili chochote. Gari lililotoka Japani mara nyingi huwa na stika chini ya boneti inayoonyesha kilomita na tarehe ya mkanda kubadilishwa. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Kijapani ya Heisei, jumlisha 1988: Heisei 15 ni mwaka 2003. Ukikosa kumbukumbu yoyote, chukulia kwamba mkanda umekwisha.

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, waya hasi wa betri utolewe, na injini iwe imepoa. Andaa ndoo ya kukingia maji ya rejeta. Azima pula ya kutolea puli ya kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa maana ukiipiga nyundo utaipasua. Piga picha za alama zote tatu za taimingi, ya kranki, ya kemshafti na ya pampu ya dizeli, kisha zitie rangi nyeupe kabla ya kulegeza mkanda. Nunua tenshena mpya, ile roda inayokaza mkanda, pamoja na mkanda. Usirudishe ya zamani kwa kuwa tu bado inazunguka.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu sili za oili, zile pete za raba zinazozuia oili isivuje kwenye shafti. Nilipobadili mkanda wa Hiace yangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa na mkanda halisi na tenshena mpya, na alama zote zilikaa sawasawa. Nilipotoa puli ya kranki niliona chini ya sili mstari mwembamba wa oili ulioshikana na vumbi, mfano wa tope. Niliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasubiri kama nusu saa, pakabaki pakavu. Ilikuwa Jumapili jioni, maduka ya spea yamefungwa, na gari lilitakiwa kubeba mzigo alfajiri. Nikafunga kava la mkanda bila kubadili sili.

Baada ya miezi saba, gari likiwa limejaa mzigo katikati ya mlima, injini ilizima ghafla na haikuwaka tena. Tulipofungua kava, mkanda ulikuwa unang'aa kwa oili, ukucha wangu ukazama kwenye raba, na meno yaliyong'oka yalikuwa yamelala chini ya kava kama mbegu. Silinda hedi ilipotolewa tulikuta valvu zimepinda, na juu ya pistoni mbili palikuwa na makovu ya mwezi mchanga pale zilipogongana na valvu. Gari lililotulisha nyumba nzima lilikaa gereji wiki tano, kwa sababu ya sili ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo nunua sili zote kabla ya kuanza: ya kranki, ya kemshafti na ya shafti ya pampu, kwa kuwa dizeli nayo hulainisha raba ileile. Zibadilishe hata kama ni kavu. Unapotoa ya zamani, ncha ya bisibisi isiguse shafti, kwani mkwaruzo mdogo unatosha kuvujisha sili mpya. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wake, kisha ipige taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, iingie sawa pande zote.

Panga pia muda wa kuzungusha injini kwa mkono kabla ya kupiga stata. Toa plagi za kupashia moto ili mgandamizo usikusumbue, kisha zungusha kranki mizunguko miwili kamili kuelekea upande wa mishale ya saa, maana kemshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Ikigoma, usilazimishe, rudi kwenye alama. Mikazo ya bolti isome kwenye kitabu cha injini yako wala usiikisie kwa nguvu za mkono. Usianze kazi hii jioni, usiifanye ukiwa peke yako, watoto wasichezee karibu, na usimwahidi mtu yeyote safari ya kesho yake asubuhi.