Ukimwangusha nusunusu, usisimame
Kwa wenzangu wa judo hapa Kampala: ukimtupa mpinzani akaangukia ubavu, usigeuke kumtazama refa. Shuka naye papo hapo, mkumbatie shingo na mkono, umlalie kifuani, uhesabu kimoyomoyo. Tangu 2025 alama ya yuko, iliyo ndogo kuliko zote, imerudi, na ukimbana chini sekunde 5 hadi 9 unaipata. Zikifika 10 ni waza-ari, alama iliyo juu ya yuko; 20 ni ippon, ushindi kamili. Kuanzia 2017 hadi 2024 sekunde 9 hazikuwa na thamani yoyote, ndiyo maana wengi bado wanaachia mapema wakiona mtu anafurukuta. Katika muda wa nyongeza, yuko moja tu inamaliza pambano.

Ila saa huanza refa akitamka osaekomi, yaani umembana, si pale unapomshika wewe. Mpinzani akikunasa mguu kwa miguu yake, hupati kitu. Chomoa goti kwanza. Na usijaze kapu la yuko: hazijumlishwi, hata ukiwa nazo tano waza-ari moja inakushinda. Kwenye mashindano madogo ya vilabu, muulize refa mapema anafuata kanuni zipi.